Mjomba Hafungwi, Wageni Hawarudi

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 29, fundi simu hapa Ngamiani, Tanga. Mwezi wa nane mwaka jana nilianzisha klabu ya michezo ya mezani barazani kwa mjomba wangu, kaka yake mama. Nilitaka vijana wa mtaa wapate pahala pa kukaa baada ya kazi, mbali na mashine za kubahatisha na vibanda vya kubeti. Mjomba hakunizungusha hata kidogo. Alitoa baraza, akatoa na bao lake la mninga.

Tunakutana Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia saa kumi jioni, watu wakishaswali alasiri, mpaka saa kumi na mbili na nusu, magharibi ikikaribia. Tuna bao hilo moja na komwe zake 64, zile mbegu ngumu zinazotumika kama kete. Tuna mbao mbili za drafti nilizochora mwenyewe kwenye plaiwudi, kete zake ni vizibo vya soda. Kuna meza moja tunayoipokezana kwa keram na dhumna, na mkeka mmoja wa karata na ludo. Ndani juu ya kabati lipo boksi la Catan, mchezo wa mezani wa kujenga na kubadilishana mali, aliloniachia mteja wangu aliyehama mji. Hilo tumelifungua mara mbili tu. Kila mtu anachanga shilingi 500 kwa wiki, zinanunua poda ya keram, kahawa na kashata.

Tulianza watu 6. Mwezi wa kumi tukafika 23, wengine wamesimama barabarani. Leo tumebaki 9, na kati yao 7 ni wazee wenzake mjomba. Watani wa Tanga husema waja leo waondoka leo, lakini mimi nilitaka wakae. Nimekuambatanishia kurasa za daftari langu, maana huandika jina, siku, mtu amecheza nini na mara ngapi.

Shangazi, tatizo ni mjomba. Ana miaka 67 na bao analijua tangu ujana wake. Hafungwi. Kufungwa naye si neno, ila ulimi wake ndio unaofukuza watu. Kuna kijana wa bajaji alikuja mara tatu. Mara ya tatu alisita na kete mkononi, akaitia, mjomba akamwambia mbele ya watu: "Hiyo umeitia, au imekuponyoka?" Baraza zima likaangua kicheko. Yule kijana akaweka kete zake chini taratibu, akaaga, hajarudi. Walikuwepo pia dada wanne wa cherehani waliokuwa wakicheza ludo mkekani. Mjomba akawa kila wakifika anakohoa, anasema barazani ni pahala pa wanaume. Nao wakakoma.

Tangu Desemba mjomba na wenzake wameanza kuwekeana. Walianza na kahawa, sasa ni buku, shilingi elfu, kwa kila mchezo. Nikinyanyua mdomo ananijibu kwamba bao bila dau ni kama wali bila nazi.

Mwalimu mmoja wa shule ya jirani ameniambia naweza kupata chumba cha darasa kila Jumamosi. Roho yangu inataka kwenda. Lakini mjomba ndiye aliyenilipia ada kidato cha kwanza hadi cha nne, na mama ameniambia wazi: "Usinivunjie heshima ya kaka yangu kwa sababu ya vizibo vya soda." Nikihama nitaonekana nimemkimbia. Nikibaki, klabu itakuwa kijiwe cha wazee saba na mimi mpika kahawa wao. Nifanyeje?

Mpwa, Ngamiani

MAJIBU YA SHANGAZI

Marahaba mwanangu.

Nimekusikia. Una klabu inayopukutika, una mzee unayemdai adabu naye anakudai fadhila, na mlango wa darasa umefunguliwa mbele yako. Unaniuliza utoke au ubaki. Kabla hatujafika hapo, nivumilie, maana barua yako nimeisoma mara moja lakini daftari lako nimelisoma mara nne, na haya mawili hayasemi jambo moja.

Chukua Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, siku ile umeandika majina 23. Pale barazani mnakaa wangapi mkicheza? Bao ni watu wawili. Drafti mbili, wanne. Meza ni wanne, iwe keram au dhumna. Mkeka ni wanne. Jumla 14. Waliobaki 9 wamesimama. Sasa tazama safu ya bao siku hiyo: umeandika michezo saba, na jina la mjomba lipo katika yote saba. Dakika 150 ukizigawa kwa michezo ya dakika ishirini hivi, ndiyo saba hiyo. Waliocheza naye ni watu saba, kila mmoja mara moja, kila mmoja akafungwa, akainuka. Michezo saba, waliofungwa saba, aliyeshinda mmoja.

Hapo mjomba hajasema neno lolote bado, na tayari watu saba wamerudi nyumbani wakijua kuwa wamesubiri saa nzima ili wafungwe. Kinachofanya hivyo ni ile kanuni ya vijiweni ya "anayefungwa anatoka", ambayo hakuna aliyeitunga wala aliyeiandika. Ni kanuni nzuri pale wachezaji wanapokaribiana uwezo. Akiwepo fundi mmoja na wanafunzi kumi, inampa fundi kiti cha kudumu na wengine inawapa foleni. Angekaa hapo mtu mpole kuliko wote Tanga, kwa kanuni hiyo bado wageni wangepungua.

Sisemi ulimi wa mjomba hauna kosa. Nakuuliza tu: una hakika umepima vipi lipi limefukuza wangapi? Maana daftari linaonyesha wengi wao waliacha kuja bila kugombana na mtu.

Jambo la pili sijui kama umelitazama kwa macho ya asiyejua. Mzoefu wa bao hatii kete moja moja kwa kuonekana. Anakusanya kwa kiganja, mkono unapita juu ya mashimo kama anapangusa vumbi, unasikia ta-ta-ta-ta, na ameshakula, ameshahamia kichwa cha pili, shimo la mwisho la upande wa pili wa safu ya mbele, anaendelea. Mgeni hakuona kete ya mwisho imeangukia wapi. Hajui kama kilichotokea ni halali. Akiuliza anachekwa, asipouliza anaondoka akiamini ameibiwa. Kijana wako wa bajaji huenda alisita kwa sababu hiyo: alikuwa bado anahesabu mchezo uliopita. Klabu inaweza kuwa na kanuni moja ndogo ya siku za wageni, kwamba kila kete inatiwa kwa kuonekana, na aliyemaliza anaacha kidole kwenye shimo la mwisho mpaka mwenzake aitikie. Mafundi watanung'unika kwamba inachelewesha. Kweli, mchezo wa dakika ishirini utafika thelathini, na hiyo ni gharama ya kupima, kwa sababu michezo saba itashuka kuwa mitano.

Tena, wageni unawaanzisha na bao gani? Kama unawaketisha moja kwa moja kwenye bao la Kiswahili, unawapa mlima. Kila mtu ana kete 10 ubaoni, sita nyumbani, lile shimo maalumu la safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kuliani, na 22 mkononi. Ina maana kuna zamu 44 za kunamua, yaani kutia kete ya mkononi, kabla hata hamjaingia mtaji, ile sehemu ya kucheza na zilizo ubaoni tu, na katika zote hizo mtu anatakiwa ajue lini nyumba inalala, yaani zamu inaishia hapo, lini inasafiri, yaani kete zake zinatawanywa, na kwamba ukiwa na cha kula huruhusiwi kutakata, yaani kuzungusha bila kula. Yupo mdogo wake bao huyo, bao la kujifunza, ambalo mashimo yote 32 yanaanza na kete mbili mbili, hakuna ghala mkononi, mnaanza na mtaji papo hapo. Mgeni akicheza hilo jioni tatu au nne, akazoea kuzungusha na kula na kuanzia kichwa kinachotakiwa, ndipo umwongeze kunamua, na nyumba iwe ya mwisho. Ukianza na nyumba unampoteza.

Na kupanga mbili mbili kuna faida ya pembeni. Ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuhakiki kete. Kabla ya kufunga jioni, jaza mashimo yote mbili mbili. Ikibaki nusu shimo, komwe moja iko chini ya baraza au mfukoni mwa mtoto. Weka akiba ya sita au nane kwenye kopo, maana siku zikipungua kuwa 63 mtu ataziba kwa kokoto, na hiyo kokoto kila mtu ataijua iko shimo gani.

Lakini bao ni moja, utaniambia, nalo ni la mjomba. Bao la pili la kufundishia halihitaji seremala. Trei ya mayai 30 ina safu tano kwa sita. Chukua trei mbili, kata kila moja vipande vya nne kwa nne, ziunganishe kwa uzi au gundi, una safu nne za mashimo nane. Kasoro yake ni kwamba shimo likifika kete kumi hivi zinaanza kumwagika, na unyevu wa masika utaifanya ilegee kama mkate uliochovywa chai, hivyo utatengeneza nyingine. Ama chimba mashimo ardhini chini ya mti, kama watoto wanavyofanya siku zote. Komwe za pili mtaziokota pwani ambako mkomwe unaota, au mtumie kokoto 64 zinazolingana. Bao la pili likiwepo, mgeni anacheza na mgeni mwenzake, na mara ya kwanza katika klabu yako mtu asiye mjomba atashinda. Usilidharau hilo.

Kanuni ya kukaa nayo ina njia zaidi ya moja. Mnaweza kusema mshindi anacheza michezo miwili kisha anainuka hata kama hajafungwa. Mnaweza kuandika majina ubaoni kwa chaki na kila mtu ajue zamu yake ni saa ngapi, hapo anayesubiri anaweza kwenda zake msikitini au dukani akarudi. Mnaweza kufanya ligi, ila piga hesabu kwanza: watu wanane kila mmoja akikutana na kila mwenzake ni michezo 28, na kwa bao moja la michezo saba kwa siku, hizo ni jioni nne nzima ambazo asiye kwenye ligi hapati pa kukaa. Ligi hupendwa na waliomo. Nje ya hapo huua klabu changa.

Kuhusu dada wa cherehani, hapa nitakusogelea kidogo zaidi. Umeandika walikoma kwa sababu ya kikohozi cha mjomba. Kwenye daftari, mara yao ya mwisho ni wiki ya pili ya Novemba, na wiki hiyohiyo umeandika kwa mkono wako pembeni: "meza ya keram imesogezwa upande wa mkeka, jua". Kwa hiyo walikuwa wameketi chini mkekani, na vijana wanne wa keram pamoja na watazamaji wao wamesimama juu ya vichwa vyao. Nani angekaa hapo? Inawezekana ni kikohozi, inawezekana ni meza, inawezekana ni yote mawili au ni neno lililosemwa nyumbani kwao. Huwezi kujua bila kuuliza, na wa kuuliza huenda si wewe bali mwanamke mwenzao. Wakitaka kurudi, kuna wenye kupenda saa yao wenyewe, tuseme Jumamosi asubuhi, uani badala ya barazani. Wengine wataona huko ni kufichwa. Waachie wao waseme.

Drafti nitapita haraka. Ugomvi wake karibu wote hutokana na mtaa mmoja kucheza hivi na mtaa wa pili vile. Kete ya kawaida inakula nyuma au haili? Kula ni lazima? Aliyesahau kula anarudishwa au ananyang'anywa kete? Kingi anatua popote au chumba kinachofuata tu? Kaeni jioni moja mkubaliane majibu manne, yaandikeni kwenye karatasi, ibandikeni ukutani, basi. Na kama ubao wako una vyumba vidogo, chora mwingine wa sentimita tano kila chumba, kwa sababu kizibo cha soda kina zaidi ya sentimita tatu, na vikibanana mkono unasukuma viwili kwa pamoja halafu mnaanza "hapakuwa hapo". Keram ilazwe ikihifadhiwa, isiegemezwe ukutani, hasa masika, itapinda katikati. Unga usitumike badala ya poda hata siku moja. Sisimizi watakuja kuliko wanachama.

Na lile boksi juu ya kabati, lishushe. Najua linatisha kwa Kiingereza chake, lakini karata zake 95 za mali hazina cha kusoma, ni picha tu: mbao, matofali, kondoo, ngano, mawe. Zenye maneno ni 25 za maendeleo, na 14 kati ya hizo ni askari, zote maana moja. Karata tano ni za pointi. Zinabaki sita za aina tatu. Ukiandika maana tano kwa Kiswahili kwenye kipande cha karatasi, mchezo mzima umeshautafsiri. Linachukua watu watatu au wanne kwa zaidi ya saa moja, na faida yake kwako ni kwamba hapo mjomba naye ni mgeni. Lihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, hewa ya bahari inalegeza karata.

Sasa dau. Hapa sitazunguka sana, maana hili lina meno kuliko mengine. Watu kuwekeana kahawa ni desturi ya barazani. Buku kwa kila mchezo, mara tatu kwa wiki, mbele ya barabara, watoto wa shule wakipita, ni jambo lingine. Kuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi yake, na biashara ya kamari inataka leseni. Hatari kubwa zaidi ingekuja siku klabu itakapoanza kukata kidogo katika hilo dau "la poda na kahawa". Siku hiyo mwenye kamari ni klabu, na jina lililoandikwa juu ya daftari ni lako. Hapo hapo mtaani, mzazi akisikia pesa imetajwa, mtoto wake hatoki, na wapo ambao hata dadu ya ludo hawaipendi kwa dini yao, seuze buku. Lakini jiulize pia mzee wa miaka 67 asiyefungwa anatafuta nini katika buku ya rafiki yake. Kama hakuna wa kumsumbua mezani, dau ndilo limebaki kuutia mchezo chumvi. Pengine ukimpatia chumvi nyingine, ataliachia. Pengine hataliachia, na itabidi mkubaliane kwamba siku za klabu hakuna kuwekeana, na siku nyingine ni baraza yake, afanye apendavyo. Katika hilo la mwisho majirani hawatatofautisha siku. Ulijue.

Tuje kwenye darasa. Lina mengi ya kupendeza: madawati, kivuli, hakuna wa kukohoa. Lakini nani mwenye ufunguo? Aliyekuahidi ni mwalimu mmoja. Mwenye shule ni mwalimu mkuu na kamati yake, na ahadi ya mdomo huisha siku mwalimu akihamishwa. Omba barua. Uliza likizo itakuwaje, uliza kama kuna cha kumpa mlinzi, uliza kama watu wazima wasio wazazi wanaruhusiwa kuingia, kwa sababu wengi unaotaka warudi ni vijana wa bajaji na mafundi. Jumamosi moja kwa wiki ni theluthi ya siku ulizo nazo. Bao la mninga halitakwenda. Wazee nao hawatakwenda, na wakibaki nyuma wanabaki na ujuzi wa bao ambao hakuna darasa litakalokupa. Ukiona unaelekea huko, anza na barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wako, kisha mwone afisa michezo wa halmashauri ya jiji. Mkikua mtake kusajiliwa, huko ndiko mtaelekezwa utaratibu wa Baraza la Michezo la Taifa, nao watataka katiba, viongozi na majina ya wanachama. Watu tisa hawana haraka hiyo.

Wapo wanaogawa: Jumanne na Alhamisi barazani, Jumamosi darasani. Inasikika vizuri. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba baada ya miezi miwili zinakuwa klabu mbili zisizojuana, na wewe katikati unabeba keram ya sentimita 74 kwenye baiskeli. Inawezekana, ukiwa na mtu wa kusaidiana naye. Barua yako haikutaja msaidizi hata mmoja, mwanangu. Hilo nalo nimeliona.

Na mjomba mwenyewe? Umeniambia anavyowasema wageni. Hukuniambia kama umewahi kukaa naye peke yenu ukamweleza. Nahisi bado. Kumwambia barazani mbele ya wenzake ni kumtukana, hata maneno yawe ya asali. Kuna wakati baada ya swala ya isha, ameshakula, kanzu ameshaivua, anasikiliza redio. Nenda na daftari badala ya malalamiko. Mwonyeshe safu ya bao, mwache ahesabu mwenyewe jina lake. Watu wa bao wanaheshimu hesabu. Kisha mwombe kitu: achague vijana watatu awafundishe kunamua, kila Jumanne, kwenye lile bao lake, na tambo zake aziweke kwa ajili ya wazee wenzake, ambao wanajua kumrudishia. Tambo ni nusu ya utamu wa bao, sitaki umnyang'anye, lakini kwa asiyeweza kujibu ni jiwe.

Anaweza kukasirika. Anaweza kukubali halafu asiweze, ulimi wa miaka mingi haubadiliki kwa wiki. Anaweza hata kukubali kupita kiasi, klabu ikawa yake na wewe ukawa karani. Kama unaona uzito, wazee wa pwani wana mtu wa kati. Kati ya wale saba yupo mmoja ambaye mjomba humsikiliza, na daftari lako linasema yupo anayekuja kila siku na hachezi bao ila mara moja moja, anakaa tu na kahawa yake. Wewe unamjua.

Mama yako nimemsikia pia. Hakusema usimwambie kaka yake kitu. Amesema usimvunjie heshima, na hapo katikati kuna nafasi kubwa. Mweleze yeye kwanza, umuulize kaka yake huambiwa vipi mambo magumu. Amekua naye nyumba moja.

Kabla ya hayo yote, kabla ya mjomba na kabla ya mwalimu, kuna watu 14 walioondoka na hujamuuliza hata mmoja. Yule wa bajaji bado anapita mtaani kwenu. Jumatatu msimamishe, panda akupeleke Chumbageni, mlipe nauli yake kamili, na mkiwa njiani muulize kete ile aliitia, au ilimponyoka.

Wako,
Shangazi